Kitabu Hakisogei: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulaumu Muda

Mtu anayesema hana muda wa kusoma vitabu mara nyingi anasema kweli, ila hajaisema yote. Malalamiko yake yanafanana na ya dereva anayemwambia fundi kwamba gari limekataa kuwaka. Fundi hawezi kuanza kazi kwa maneno hayo peke yake, kwa sababu betri iliyokufa, tangi lililokauka na waya uliolegea vyote humfikisha dereva mahali pamoja, na aliyenunua betri mpya wakati tangi ni kavu atakuwa ametoa fedha na bado hatasafiri. "Sina muda" ni dalili ya namna hiyo hiyo, na vyanzo vyake ni vingi na havifanani. Wengi wetu hukimbilia dawa moja tu, yaani kupanga ratiba mpya yenye saa nzima ya kusoma kila siku, na ratiba hiyo inapovunjika wiki ya pili tunajihukumu kuwa wavivu. Nimeshuhudia jambo hili kwangu na kwa watu wengi ninaowapenda, na nimefikia msimamo kwamba mambo mawili yakaguliwe kwanza kabla ya ratiba kuguswa: kitabu chenyewe ni kipi, na kinawekwa wapi.

Kipimo cha kuanzia

Chukua karatasi moja, ikunje mara mbili, na uiweke ndani ya kitabu unachokisoma sasa ili iwe alamisho na kumbukumbu kwa pamoja. Kwa siku saba, kila unapofungua kitabu andika saa uliyoanza, ukurasa ulioanzia, ukurasa ulioishia, na neno moja au mawili kuhusu kilichokufanya ufunge. Siku ambayo hukukifungua kabisa, andika tarehe na uache nafasi yake wazi. Usijaribu kusoma zaidi ya kawaida yako katika wiki hiyo, maana unachokitafuta ni hali ilivyo, na mgonjwa anayejikaza mbele ya daktari humpotosha daktari.

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na mistari sita tu. Mmoja ulisema: "saa 3:40 usiku, uk. 41 hadi 43, usingizi." Uliofuata: "saa 3:50 usiku, uk. 42 hadi 44, usingizi", kwa kuwa nililazimika kurudi nyuma ukurasa mzima kutafuta nilipopotelea. Halafu ukaja huu: "saa 7:15 mchana, uk. 44 hadi 52, nimeitwa." Kwa miaka mingi nilikuwa nimeamini kwamba mimi ni msomaji wa usiku. Karatasi ilionyesha kwamba robo saa ya mchana, nilipokuwa nikiwasubiri wenzangu wafike kwenye mkutano, ilinipa kurasa nane, na vipindi viwili vya usiku kwa jumla vilinipa kurasa tatu.

Ukiwa na karatasi yako mkononi, nenda kwenye dalili inayofanana na yaliyoandikwa humo. Si lazima zote zisomwe.

Dalili: siku zinapita bila kitabu kufunguliwa

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni umbali. Tazama simu yako iko wapi sasa hivi, kisha ujiulize kitabu kiko wapi. Simu iko mfukoni, au mezani pale ambapo mkono unafika bila mwili kuinuka, ilhali kitabu kiko kwenye rafu ya chumba kingine, au ndani ya mkoba uliofungwa zipu, chini ya nguo na makaratasi. Dakika tano za bure zinapojitokeza ghafla, mkono hauna nafasi ya kupima lipi ni bora. Unachukua kilicho karibu. Jaribio lake ni rahisi: kwa siku tatu, weka kitabu pale simu inapokaa kwa kawaida, na simu uiweke pale kitabu kilipokuwa. Mistari ya karatasi yako ikiongezeka ndani ya siku hizo, chanzo umekipata, wala huna haja ya ratiba. Kinachobaki ni kukiruhusu kitabu kikae pale unapokaa kusubiri: kando ya kiti, juu ya mto, kwenye mfuko wa nje wa mkoba. Binafsi hutenga vitabu viwili, chepesi cha kubebwa na kizito cha mezani, kwa kuwa kitabu cha kurasa 700 hakiwezi kumfuata mtu kila aendako.

Chanzo cha pili ni kuisubiri saa nzima isiyokuja. Hapa hesabu husaidia kuliko ushauri. Soma kwa dakika kumi kwa mwendo wako wa kawaida, kisha uhesabu kurasa. Tuseme umepata kurasa tano, yaani ukurasa mmoja kwa dakika mbili. Dakika ishirini kwa siku zitakupa kurasa 10, kitabu cha kurasa 300 kitakwisha kwa siku 30, na mwaka utafungwa ukiwa umesoma vitabu 12. Dakika hizo ishirini hazilazimiki kuwa pamoja. Saba za asubuhi, sita za kusubiri basi na saba za kabla ya kulala zinatimiza hesabu ile ile. Bandu bandu huisha gogo. Hata hivyo si kila gogo hubanduliwa hivyo: riwaya, wasifu na insha fupi huvumilia vipande vidogo, lakini kitabu chenye hoja ndefu inayojengwa kutoka aya hadi aya huhitaji walau nusu saa isiyokatizwa, kwa sababu dakika tano za mwanzo hutumika kukumbuka hoja ilikuwa imefika wapi. Kitabu cha namna hiyo kipewe siku moja au mbili za wiki, na siku nyingine zibaki kwa kile chepesi.

Chanzo cha tatu ni kwamba muda kweli haupo. Mzazi wa mtoto mchanga, anayemuuguza mtu nyumbani, au anayefanya kazi mbili hana dakika zilizojificha mahali, na kumwambia azitafute ni kumwongezea mzigo. Kwake yeye dawa nzuri ni masikio. Wanaorekodi vitabu vya kusikiliza husoma kwa sauti takribani maneno 150 kwa dakika, hivyo kitabu cha maneno 90,000 huchukua saa 10, na saa kumi hupatikana katika kufua, kupiga pasi na kutembea kwa majuma machache. Wapo wanaoona kwamba kusikiliza si kusoma. Sikubaliani nao, kwani hadithi ziliishi kwenye masikio ya watu kwa karne nyingi kabla ya kuwekwa kwenye karatasi, na aliyeisikiliza riwaya yote kwa makini ameipata.

Dalili: ukurasa mmoja unasomwa mara tatu

Macho yamefika mstari wa mwisho, kidole gumba kimeshaishika pembe ya ukurasa ili kuugeuza, ndipo unapogundua kwamba humjui aliyekuwa akizungumza wala alikuwa akimwambia nani. Unarudi juu. Kwenye aya ya pili unakumbuka ujumbe ambao hukuujibu, macho yanaendelea kushuka yenyewe, na unafika chini tena ukiwa mikono mitupu. Dalili hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa kuliko zote, kwa sababu humfanya mtu adhani akili yake imeharibika, ilhali vyanzo vyake ni vitatu vya kawaida vinavyovaa sura moja.

Ili kuvitenganisha, soma ukurasa huo huo kwa sauti ya kusikika. Kama sasa umeuelewa bila shida, tatizo lilikuwa mawazo yaliyotangatanga, na kitabu hakina kosa. Kama umeusoma vizuri kwa sauti na bado huna unachoweza kumweleza mwenzako, maandishi yenyewe yamekuzidi kwa sasa. Kama ulimi umejikwaa na miayo imekuja kabla ya aya ya tatu, umechoka, na dalili inayofuata ndiyo yako.

Tuanze na mawazo yanayotangatanga. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohamia kazi mpya huku akiwa ameiacha nyingine haijakamilika, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye kazi ya kwanza na utendaji wake katika ya pili hushuka. Msomaji anayetoka moja kwa moja kwenye barua za kazini na kufungua riwaya yuko katika hali hiyo hiyo. Anachohitaji ni kuifunga kazi ya kwanza kwa namna fulani, hata kama haijaisha. Kabla ya kufungua kitabu, andika upande wa nyuma wa karatasi yako lile linalokusumbua na lini utalishughulikia: "kumjibu mhasibu, kesho saa 3 asubuhi." Nimeona kwamba neno "lini" ndilo linalofanya kazi, orodha ya mambo yasiyo na saa hunirudia akilini vile vile, lakini jambo lililopewa saa yake hunyamaza.

Kisha simu. Kuizima sauti hakutoshi, kwa sababu mtu anayeiona hujua kwamba huenda ina jambo jipya, na kule kujizuia kuitazama kunakula nguvu zile zile ambazo kusoma kunazihitaji. Ipelekwe chumba kingine kwa dakika ishirini. Anayesoma kitabu pepe kwenye simu hiyo hiyo aiweke kwenye hali ya ndege kabla ya kufungua kitabu, maana arifa moja inayoshuka juu ya skrini katikati ya sentensi inatosha kumhamisha kwenye programu nyingine, na kurudi kwake si jambo la kutegemea.

Ikiwa kosa ni la ugumu wa maandishi, hesabu maneno usiyoyajua katika ukurasa mmoja. Katika utafiti wao wa mwaka 2000 kuhusu watu wanaosoma kwa lugha ya kigeni, Marcella Hu na Paul Nation walikadiria kwamba msomaji anahitaji kuyajua takribani maneno 98 kati ya kila 100 ili aielewe hadithi vizuri bila msaada. Katika ukurasa wa maneno 250, hayo ni maneno matano yasiyojulikana. Yakiwa kumi au kumi na tano, uzito unaouhisi ni wa kweli, na kujilazimisha hakutaupunguza. Usifungue kamusi kwa kila neno, kwa kuwa hadithi itakufa mikononi mwako. Yawekee alama ndogo ya penseli na uyatafute kwa pamoja mwishoni mwa sura. Kwa vitabu vya maarifa ninapendekeza njia nyingine kwa moyo wote: weka kando kile kigumu na utafute kitabu chepesi juu ya mada ile ile, hata kama kiliandikiwa vijana wa shule. Ukirudi kwenye kile cha kwanza utakuta nusu ya maneno yaliyokuzuia yameshakuwa ya kawaida, na hoja zina mahali pa kukaa.

Dalili: usingizi unakuja kabla ya kurasa tatu

Hamisha kitabu hicho hicho mchana kwa siku mbili. Usingizi ukitoweka, kitabu hakina hatia: mwili ulikuwa ukidai deni lake, na deni la usingizi hulipwa kwa kulala. Wengi wanasoma kitandani, wakiwa wamelala chali, taa hafifu, saa ya mwisho kabisa ya siku, halafu wanashangaa. Anayependa kusoma usiku aketi kitini, amalize kurasa zake, ndipo ahamie kitandani. Tena asome kwenye karatasi akiweza, kwa sababu mwanga mkali wa skrini nyakati za usiku huchelewesha kutolewa kwa melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba ni wakati wa kulala, na matokeo yake ni kuchelewa kulala leo na kusinzia juu ya kitabu kesho.

Usingizi ukija hata mchana, baada ya usiku wa kulala vizuri, angalia macho kwanza, kisha kitabu.

Dalili: macho yanachoka, kichwa kinauma, herufi zinafifia

Naomba sehemu hii isomwe kwa makini na kila aliyekaribia au kuvuka miaka 40. Lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake kadiri umri unavyosonga, na kuanzia miaka ya arobaini hivi watu wengi huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Mabadiliko huja polepole kiasi kwamba mtu hayatambui. Huanza kwa kusogeza kitabu mbali kidogo, kisha mkono mzima unanyooka, kisha anasogea dirishani, kisha anasoma kurasa chache tu kwa sababu kipaji cha uso kinauma, na mwishowe anawaambia watu kwamba siku hizi hapendi tena vitabu. Wapo walioacha kusoma kwa miaka kumi kwa kukosa miwani ya kusomea, nao wakadhani wamebadilika tabia. Jaribio la nyumbani: shika ukurasa wenye maandishi madogo kwa umbali wa sentimita 40, mchana, penye mwanga wa kutosha. Ukilazimika kuusogeza mbali ili uone, nenda ukapimwe macho kabla ya kujaribu ushauri mwingine wowote ulioko humu.

Kwa wenye macho mazima, kagua mwanga. Taa iwe upande au nyuma ya bega, imulike ukurasa bila kuyapiga macho. Tukisoma, hasa kwenye skrini, tunapepesa kope mara chache kuliko kawaida na macho hukauka. Ndiyo sababu wataalamu wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Anayeona miale ya ghafla, maumivu makali ya jicho au kupungua kwa uwezo wa kuona kwa ghafla aende hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu ambaye tangu utotoni herufi zimemchanganya, akasoma kwa jasho wakati wenzake wakisoma kwa raha, huenda ana disleksia, ambayo haihusiani na wingi wala uchache wa akili. Vitabu vya kusikiliza, pamoja na maandishi makubwa yenye nafasi pana kati ya mistari, humfungulia mlango ambao alidhani si wake.

Dalili: vinaanzwa vingi, havimalizwi

Hapa mara nyingi muda upo, nguvu zipo, na kitabu ndicho si chake. Kitabu kisichomfaa msomaji hufanya kazi kama gogo barabarani: hakisomwi, na kwa kuwa kimeanzwa, dhamiri hairuhusu kingine kianzwe, basi msomaji husimama miezi mitano mbele ya ukurasa wa 60. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyefanya kazi miaka mingi Seattle, ana kanuni inayojulikana sana: kipe kitabu kurasa 50, na kama hakijakushika, kiache. Kwa waliovuka umri wa miaka 50 anasema watoe umri wao kwenye 100, na kinachobaki ndiyo idadi ya kurasa wanazodaiwa. Mtu wa miaka 70 anadaiwa kurasa 30 tu, kwa kuwa muda uliobaki ni mchache zaidi. Naiona kanuni hii kuwa ya huruma na yenye akili, na natamani ningefundishwa mapema, maana shuleni tulizoea kwamba kitabu kilichoanzwa lazima kiishe, na tukaibeba desturi hiyo hadi ukubwani ambako hakuna mtihani.

Lakini tofautisha kitabu kisichokufaa na kitabu kilichokujia wakati mbaya. Cha kwanza hukuacha bila swali lolote. Ukikifunga, hukumbuki kitu wala hutamani kujua yaliyofuata. Cha pili kinakuchosha leo, lakini picha moja au sentensi moja yake inakurudia siku mbili baadaye ukiwa unafanya jambo jingine. Hicho usikigawe. Kirudishe rafuni, kikiwa na karatasi yake ndani.

Kuna pia wanaosoma vitabu vitano kwa wakati mmoja na kushangaa kwamba hakuna kinachoisha. Mshika mbili moja humponyoka, ingawa kwa vitabu ningesema viwili vinavumilika vikiwa vya aina tofauti, riwaya pamoja na kitabu cha historia kwa mfano, ambavyo akili haivichanganyi. Vinavyozidi hapo vifungwe hadi kimoja kiishe.

Vipi kuhusu vitabu vinavyonunuliwa na kubaki rundo? Wajapani wana neno lake, tsundoku, na kuwepo kwa neno kunaonyesha kwamba tabia hii si ya mtu mmoja. Rundo halimdhuru mtu, ila likianza kukulaumu kila unapolipita, chagua vitabu vitatu tu vibaki mbele ya macho na vingine viingie kabatini.

Dalili: kasi ni ndogo mno

Wanaolalamikia kasi kwa kawaida hujilinganisha na takwimu zisizowahusu. Marc Brysbaert wa Ubelgiji alikusanya tafiti nyingi na kukadiria, mwaka 2019, kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya husoma wastani wa maneno 238 kwa dakika katika maandishi yasiyo ya kubuni. Namba hiyo haiwezi kuhamishiwa Kiswahili, kwa sababu neno letu moja hubeba sentensi nzima: "hawatakusomea" limebeba mtendaji, ukanushi, wakati, mtendewa na kitendo, na Kiingereza hulihitaji maneno matano au sita kulisema. Anayesoma maneno machache ya Kiswahili kwa dakika huenda amesoma maana nyingi kama mwenzake.

Tena macho hayatelezi juu ya mstari kama tunavyohisi. Hurukaruka, na kila yanapotua hukaa takribani robo ya sekunde kabla ya kuruka tena, na mara kadhaa hurudi nyuma kuhakikisha. Kurudi huko ni sehemu ya kuelewa. Mafunzo yanayoahidi kasi mara tatu kwa kuzuia macho yasirudi yalichambuliwa na Keith Rayner na wenzake mwaka 2016, na hitimisho lao ni kwamba kasi inapopandishwa sana, uelewa hushuka. Kinachoongeza kasi kwa uhakika ni msamiati na kuijua mada, navyo hupatikana kwa kusoma zaidi. Vitabu vya maarifa vinaruhusu njia moja halali ya mkato: soma yaliyomo na utangulizi, kisha uchague sura zinazojibu swali lako na uziache nyingine bila majuto.

Dalili: kitabu kimeisha, hakuna kilichobaki

Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijifanyia majaribio kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya saa na siku chache za mwanzo, kisha mteremko hupungua. Maandishi yenye maana hukaa kuliko silabi zake, lakini umbo la mteremko msomaji yeyote atalitambua. Hivyo kusahau kitabu cha mwaka jana si ugonjwa. Swali ni kama kuna jambo lolote linalofanywa katika zile siku za mwanzo.

Watu wengi hupiga mstari chini ya sentensi, kisha husoma upya zile zilizopigwa mstari. Ni kazi ya kupendeza na yenye faida ndogo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojaribu kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi. Ukifunga kitabu, basi, kabla ya kuinuka andika kwenye karatasi yako sentensi tatu za yale uliyoyasoma, bila kukifungua. Mwanzoni utaandika moja kwa shida. Ukikwama, baki umekwama kwa dakika nzima kabla ya kuchungulia, kwa sababu jitihada ya kutafuta ndiyo inayopigilia jambo kichwani. Kesho yake, kabla ya kuendelea, soma sentensi zako tatu na uone kama zinatosha kukurudisha ulipoishia; zisipotosha, utajua namna ya kuandika bora zaidi.

Riwaya naiweka mbali kidogo na zoezi hili. Anayesoma hadithi kwa ajili ya kuishi ndani yake kwa jioni chache hana wajibu wa kutoka na muhtasari. Atakayetaka ikae amsimulie mtu. Kusimulia ni kukumbuka bila kutazama, na msikilizaji atauliza hasa pale ulipopasahau.

Dalili: tabia ilikuwepo, ikakatika

Ugonjwa, msiba, kuhama nyumba, kazi mpya, na mara kitabu kina miezi minne hakijaguswa. Mazoea yana tabu kuyajenga upya, na kosa la kawaida ni kurudi kwa kishindo, kwa kurasa thelathini za siku ya kwanza ili kufidia. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya za kila siku. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009, tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuwa ya kujiendesha yenyewe, lakini tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo usihesabu siku mfululizo kama anayelinda rekodi. Ukikosa Jumanne, Jumatano ina kurasa zake za kawaida na haina faini.

Kwa anayerudi baada ya miezi, ningeshauri kurasa mbili tu kwa siku katika wiki ya kwanza, zifungamanishwe na jambo ambalo tayari halikosekani: mara baada ya kupiga mswaki, au kabla tu ya kuwasha kompyuta ya kazi. Usianzie pale alamisho lilipo. Rudi mwanzo wa sura hiyo na uisome taratibu. Majina yakikuponyoka, rudi sura moja zaidi nyuma. Ikiwa baada ya hapo wahusika bado ni wageni kabisa, anza kitabu upya bila kinyongo, au kiweke rafuni uchukue kifupi cha kurasa 120 unachoweza kukimaliza ndani ya majuma mawili. Toa karatasi ya zamani, kunja mpya, na mstari wake wa kwanza uwe na tarehe ya leo.